Upungufu wa Chuma Mwilini: Deni la Damu na Deni la Misuli

Mwili wa mtu mzima mwenye afya una madini ya chuma ya gramu tatu hadi nne tu, na karibu theluthi mbili za kiasi hicho zimo ndani ya himoglobini, yaani ile protini nyekundu iliyojaa katika seli nyekundu za damu na ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo. Akiba huwekwa katika ini, bandama na uboho, na sehemu ndogo, inayokadiriwa kuwa takriban moja ya kumi, imo ndani ya misuli. Kwa kuwa hesabu imeelemea upande wa damu kiasi hicho, tiba kwa muda mrefu imeupima upungufu wa chuma kwa kuitazama damu peke yake, na mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona siku ile kipimo cha wingi wa damu kinaporudi katika kiwango kinachokubalika. Hata hivyo, utafiti wa takriban nusu karne unaonyesha kwamba ile sehemu ndogo iliyomo misulini ina uzito mkubwa kuliko ilivyodhaniwa katika kuamua iwapo mtu ataweza kulima hadi adhuhuri au atalazimika kukaa kivulini saa tatu asubuhi.

Ni vyema kuanza na damu, kwa sababu ndiko dalili zinakoonekana. Kila molekuli ya himoglobini imeundwa kwa minyororo minne ya protini, na kila mnyororo umeshika hemu moja, ambayo ni kiunzi cha kemikali chenye atomu moja ya chuma katikati; ni atomu hiyo inayoshikana na oksijeni na kuiachia panapohitajika. Uboho, ambao ni ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa, hutengeneza takriban seli nyekundu milioni mbili kila sekunde, na kwa kazi hiyo huhitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku. Chakula hakiwezi kutoa kiasi hicho, kwani utumbo wa mtu mwenye afya hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Chuma kilichobaki hupatikana kwa kuvunja seli zilizochakaa: seli nyekundu ikifikisha umri wa takriban siku 120 humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji, hasa katika bandama, na chuma chake hurudishwa kwenye mzunguko kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini. Mwili kwa hakika huishi kwa kutumia tena chuma kilekile, wala hauna njia maalumu ya kukitoa nje, ndiyo maana kupoteza damu, iwe kwa hedhi nzito, kwa uzazi au kwa minyoo, ndiyo njia kuu ya kufilisika.

Upungufu hauji kwa siku moja. Kwanza hupungua akiba, jambo linalojulikana kwa kupima feritini, protini inayohifadhi chuma, ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ndogo mno ikishuka chini ya mikrogramu 15 kwa lita ya damu ya mtu mzima asiye na maambukizi. Baadaye uboho huanza kukosa malighafi ingawa wingi wa damu bado unaonekana wa kawaida, na ni katika hatua ya tatu tu ndipo himoglobini inaposhuka chini ya gramu 120 kwa lita kwa mwanamke asiye mjamzito, au 130 kwa mwanamume, na hali hiyo kuitwa anemia. Seli zinazotoka wakati huo huwa ndogo na zilizopauka zikitazamwa kwa hadubini, kwa sababu kila moja imebeba himoglobini pungufu. Zipo pia ishara za nje ambazo wauguzi wa kliniki za wajawazito wanazifahamu vizuri: weupe ndani ya kope, kucha zinazobonyea katikati, na hamu isiyozuilika ya kula udongo au barafu, ambayo mara nyingi hutoweka mgonjwa anapoanza kupata chuma.

Hasara inayotokea katika usafirishaji wa oksijeni inaweza kukokotolewa. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni, kwa hiyo lita ya damu yenye gramu 150 hubeba karibu mililita 200, ilhali lita yenye gramu 70 haifikishi hata 100. Mwili hutafuta njia za kufidia. Moyo hupiga haraka zaidi na kusukuma damu nyingi zaidi kwa dakika, damu yenyewe huwa nyepesi na kupita kwa urahisi, na ndani ya seli nyekundu huongezeka kemikali iitwayo bifosfogliserati ambayo huifanya himoglobini iachie oksijeni kwa wepesi inapofika kwenye tishu. Fidia hizi hufanya kazi vizuri kiasi kwamba mtu ambaye damu yake imepungua polepole kwa miezi mingi anaweza kutembea, kupika na kwenda sokoni akiwa na himoglobini ya gramu 70 au 80, hali ambayo ingemwangusha kitandani mtu aliyepoteza damu hiyo kwa ghafla. Kinachokosekana ni ziada ya kutumia katika kazi nzito: moyo ambao tayari unakwenda mbio mtu akiwa amekaa hauna pa kuongezea anapopanda kilima na ndoo kichwani.

Simulizi ya damu ingeweza kuishia hapo, na kwa miongo mingi vitabu vya tiba viliishia hapo. Misuli iliyoshikizwa kwenye mifupa, ile inayouendesha mwili kwa hiari ya mtu, nayo huhitaji chuma kwa kazi ambazo damu haiwezi kuzifanya kwa niaba yake. Ya kwanza ni mayoglobini, ndugu wa himoglobini mwenye mnyororo mmoja na hemu moja, ambayo huipa nyama wekundu wake, hushika oksijeni kidogo ndani ya msuli wenyewe na kuisaidia ipite kuelekea inakotumika. John Kendrew alipotaka kuchora umbo la protini hii aliichukua kutoka katika misuli ya nyangumi, mnyama anayezama kwa muda mrefu na hivyo kujaaliwa mayoglobini nyingi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962, pamoja na Max Perutz aliyechunguza himoglobini.

Kazi ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi, hufanyika ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili kupata nishati. Humo elektroni hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka ziifikie oksijeni, na karibu kila mpokeaji katika msururu huo ana chuma, ama katika hemu, kama ilivyo kwa kundi la protini ziitwazo saitokromu, ama katika vifungu vya chuma na salfa. Historia ya ugunduzi wa saitokromu ina funzo kuhusu ukaidi wa wataalamu. Charles MacMunn, daktari aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa kawaida mjini Wolverhampton, Uingereza, aliziona rangi hizi katika misuli na tishu nyingine miaka ya 1880, lakini Felix Hoppe-Seyler, mmoja wa wakuu wa kemia ya mwili huko Ujerumani, alizikanusha, na jambo likafifia hadi mwaka 1925 ambapo David Keilin wa Cambridge, akichunguza misuli ya wadudu, alizigundua upya na kuzipa jina la saitokromu. Karibu miaka 40 ilipita hivyo, na katika kipindi hicho chote chuma kiliendelea kufikiriwa kuwa mali ya damu.

Ugumu wa kisayansi ulikuwa katika kutenganisha madeni hayo mawili, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa chuma huwa amepungukiwa kotekote, na uchovu wake unaweza kutokana na damu isiyoleta oksijeni ya kutosha au na misuli isiyoweza kuitumia hata ikiletwa. Clement Finch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walibuni jaribio ambalo mpaka leo linastahili kusomwa kwa urahisi wake wa fikra. Waliwalisha panya wa maabara chakula kisicho na chuma, kisha wakawabadilishia damu hadi kiwango chao cha himoglobini kikalingana na cha panya waliokula vizuri, na baada ya hapo wakawaweka wote juu ya mkanda wa kukimbilia. Kwa kuwa damu sasa ilikuwa sawa, tofauti yoyote iliyobaki isingeweza kulaumiwa kwa damu. Panya waliopungukiwa chuma walichoka mapema sana, na uchunguzi wa baadaye wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba damu yao hujaa laktati, kemikali inayoongezeka msuli unapolazimika kuvunja sukari bila kutegemea oksijeni. Walipopewa chuma, uwezo wao wa kukimbia ulirudi katika muda wa siku nne.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1976, yalikuwa na fumbo ndani yake. Mayoglobini na saitokromu zilikuwa zimepungua katika misuli ya panya hao, kama ilivyotarajiwa, lakini katika siku hizo nne za kupona hazikuongezeka, kwa hiyo hazingeweza kuwa maelezo ya kupona kwao. Kilichorudi sambamba na uwezo wa kukimbia kilikuwa kasi ya mitokondria kuzalisha nishati kwa kutumia malighafi moja mahususi iitwayo gliserofosfati. Msomaji asiye mtaalamu anaweza kuliacha jina hilo lipite, lakini jambo lenyewe ni la kushika: haitoshi kupima ni kiasi gani cha chuma kimo msulini, kwani baadhi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, huathirika na kupona haraka kuliko vingine.

Miaka sita baadaye kundi la watafiti wa California, akiwamo George Brooks wa Berkeley na Peter Dallman, daktari wa watoto wa San Francisco, lilipima mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Moja ni kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika katika juhudi kubwa ya muda mfupi. Jingine ni ustahimilivu, yaani muda ambao mnyama anaweza kuendelea na kazi ya wastani bila kuzidiwa. Waligundua kwamba la kwanza lilipanda na kushuka pamoja na himoglobini, ilhali la pili lilifuata hali ya mitokondria katika misuli, na kwamba panya waliporudishiwa chuma damu ilitangulia kupona na ustahimilivu ukaja nyuma yake, ukienda kwa mwendo wa misuli. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa maisha ya kawaida, kwa sababu ni watu wachache wanaotafuta riziki kwa juhudi ya dakika tano. Wengi hulima, huchuma, hubeba na hutembea kwa saa nyingi, na kazi hizo hutegemea ustahimilivu.

Panya si binadamu, na haki inadai kutaja ushahidi unaokwenda kinyume. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Fredrik Celsing waliwatoa damu watu wenye afya kwa majuma kadhaa mpaka wakaishiwa akiba ya chuma, kisha wakawarudishia himoglobini kwa kuwaongezea damu, na hawakuona upungufu wa maana katika vimeng'enya vya misuli wala katika ustahimilivu. Jaribio hilo hutumiwa mara kwa mara na wanaoamini kwamba damu peke yake inatosha kueleza kila kitu. Hata hivyo, majuma machache ya kumtoa damu mtu mzima aliyekula vizuri maisha yake yote hayawezi kufananishwa na miaka ya upungufu ulioanza utotoni, kwa sababu protini za msuli hubadilishwa polepole, na msuli uliojengwa wakati chuma kilikuwapo huendelea kufanya kazi kwa chuma hichohicho kwa muda.

Ushahidi wa upande wa misuli umeendelea kukusanyika. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kundi la Jere Haas liliwachunguza wanawake vijana ambao akiba yao ya chuma ilikuwa imekwisha lakini damu yao ilikuwa bado katika kiwango cha kawaida, na waliopewa vidonge vya chuma walifaidika na mazoezi kuliko waliopewa vidonge bandia visivyo na dawa. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa wa moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri, ambapo chuma kilichotiwa kwa mshipa kiliwapunguzia dalili na kuwaongezea umbali wa kutembea, na nafuu hiyo ilikuwa takriban sawa kwa waliokuwa na anemia na wasiokuwa nayo. Miaka kumi baadaye watafiti wa London waliitazama misuli ya wagonjwa wa aina hiyo kwa mashine ya sumaku wakati wa mazoezi, na wakaona kwamba misuli ya waliopewa chuma ilirejesha haraka zaidi fosfokreatini, kemikali inayotunza nishati ya matumizi ya papo hapo, jambo linaloashiria kwamba mitokondria zilikuwa zimepata nguvu.

Thamani ya haya yote kwa mfuko wa mfanyakazi ilipimwa mashambani kabla ya maabara kufikia makubaliano. Katika shamba la mpira huko Java Magharibi, Indonesia, ambako minyoo ya safura ilikuwa imeenea, wagemaji waliokuwa na anemia walikusanya utomvu mchache kuliko wenzao, na baada ya siku 60 za kumeza vidonge vya chuma kiasi walichokusanya kilipanda. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979. Mwaka huohuo zilitoka taarifa za wachumaji wa chai nchini Sri Lanka, ambao baada ya kupewa chuma walichuma majani mengi zaidi, hasa wale waliokuwa na upungufu mkubwa, na hata nje ya saa za kazi walionekana wakijishughulisha zaidi. Yeyote anayeijua kazi ya kuchuma chai kule Kericho, ambako kipato cha siku hutegemea kilo zilizofika kwenye mizani, ataelewa haraka tofauti hiyo inamaanisha nini nyumbani.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii kupitia Michael Latham, daktari aliyezaliwa Kilosa mwaka 1928, akafanya kazi katika huduma za afya za Tanganyika kabla na baada ya uhuru, na baadaye akawa profesa wa lishe Cornell. Yeye na wenzake waliwafuatilia vibarua wa ujenzi wa barabara nchini Kenya, na katika makala ya mwaka 1982 walionyesha kwamba kiwango cha himoglobini kilihusiana na kiasi cha kazi aliyoifanya kibarua. Kwamba matokeo kama hayo hayakuleta mageuzi makubwa katika mipango ya ajira si jambo la kushangaza, kwani mwajiri anayelipa kwa kipimo cha kazi iliyokamilika haoni hasara. Hasara humwangukia anayelipwa.

Ukubwa wa tatizo katika ukanda huu unajulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta anemia kwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 na kwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Si anemia yote hiyo inayotokana na upungufu wa chuma, kwani malaria, selimundu na maambukizi mengine yana sehemu yake, lakini chuma ni miongoni mwa sababu kuu. Mlo wa ugali wa dona na maharage una chuma, ila kimeshikwa na fitati, kemikali ya nafaka na jamii ya kunde inayozuia kisifyonzwe, na chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza kizuizi hicho, ilhali dagaa, maini au hata ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha hukipunguza. Safura nayo hunyonya bila kelele: mnyoo mmoja wa aina ya Necator husababisha upotevu wa takriban mililita 0.03 za damu kwa siku, kwa hiyo minyoo 100 humpotezea mtu mililita tatu, zenye zaidi ya miligramu moja ya chuma, kiasi kinachotosha kumaliza karibu chote alichofyonza katika chakula cha siku hiyo.

Kisiwa cha Pemba kimechangia ujuzi huu kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa faida na kwa maumivu. Tafiti zilizofanywa huko kwa watoto wa shule zilionyesha wazi uhusiano wa safura na upungufu wa chuma, na jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilionyesha kwamba chuma kiliwasaidia watoto wadogo katika lugha, na katika ukuaji wa uwezo wa viungo kwa wale waliokuwa na damu kidogo zaidi. Kisha likaja jaribio kubwa ambalo sehemu yake ya chuma na foliki ilisimamishwa mwaka 2003, kwa sababu watoto waliopewa dawa hizo bila kuchaguliwa walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa au kufariki. Malaria ilikuwa nyingi Pemba wakati huo, na ufuatiliaji wa watoto wa Muheza, mkoani Tanga, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba upungufu wa chuma wenyewe uliambatana na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hata hivyo, ndani ya jaribio lilelile la Pemba, watoto waliopimwa na kuthibitishwa kuwa na upungufu walifaidika, na tangu hapo Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwamba chuma katika maeneo ya malaria kiambatane na kinga na tiba ya ugonjwa huo.

Maelezo ya kibayolojia ya mkanganyiko huo yalipatikana karibu wakati uleule. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, iliyogunduliwa mwanzoni mwa karne hii, ambayo hufunga mlango wa chuma katika utumbo na katika makrofaji. Maambukizi huipandisha, na hapo chuma hufungiwa ghalani ingawa uboho na misuli vinakihitaji. Kidonge cha chuma nacho huipandisha kwa takriban saa 24, na kwa sababu hiyo watafiti wa Zurich walionyesha, katika majaribio ya mwaka 2015 na 2017, kwamba wanawake waliopungukiwa chuma hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kinapomezwa siku moja na kuachwa siku inayofuata. Kwa wale wanaoacha vidonge kwa sababu ya kichefuchefu au kufunga choo, habari hiyo ina uzito wake, ingawa kwa mjamzito utaratibu wa kumeza kila siku anaopewa kliniki unabaki kuwa ndio wa kufuata mpaka aelekezwe vinginevyo.

Himoglobini huanza kupanda ndani ya majuma machache ya tiba, lakini wataalamu huagiza vidonge viendelee kwa takriban miezi mitatu baada ya damu kufika kiwango cha kawaida, na sababu inayotolewa huwa ni kujaza akiba ya ini. Sababu ya misuli haitajwi mara nyingi, kwa kuwa hakuna zahanati inayoweza kuipima: njia za kufanya hivyo ni kukata kipande kidogo cha nyama ya paja au kutumia mashine ya sumaku ya aina iliyotumika London. Mwanamke anayerudi kliniki akisema bado anachoka ilhali karatasi yake ya majibu inaonyesha himoglobini ya gramu 122 kwa lita anaweza, kwa hiyo, kuwa anasema jambo ambalo karatasi hiyo haikuundwa kulionyesha, na kipimo cha feritini, pale kinapopatikana, ndicho kinachoweza kumweleza mhudumu iwapo vidonge viendelee au chanzo kingine cha uchovu kitafutwe.